Mgema na Tembo Lake: Historia Fupi ya Humusi ya Nyumbani na ya Dukani

Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuwafundisha wanafunzi wake methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida tunaifafanua kuwa ni onyo kwa mtu mwenye majivuno: asifiwapo, huiharibu kazi yake. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini husahau kwamba methali hii, kabla ya kuwa fumbo, ilikuwa habari ya biashara. Mgema ni mwuzaji. Sifa humletea wanunuzi wengi kuliko tembo alilo nalo, na minazi yake haiongezeki kwa sababu ya sifa. Njia iliyo karibu naye ni mtungi wa maji. Tembo hubaki na jina lile lile, bei ile ile na kibuyu kile kile. Kilichopungua ni tembo.

Ndugu walimu na wanafunzi, makala haya yanaifuata methali hiyo hadi mbali na minazi ya pwani. Yanaeleza historia ya humusi, chakula cha dengu zilizopondwa pamoja na ufuta uliosagwa, ambacho asili yake ni nchi za Shamu, yaani Siria, Lebanoni, Palestina na Yordani, pamoja na jirani yao Misri. Leo chakula hicho huuzwa katika vikopo vya plastiki ndani ya supamaketi za Ulaya na Marekani, na hata katika baadhi ya maduka makubwa ya miji ya Afrika Mashariki. Waliozoea kukipika nyumbani hulalamika kwamba cha dukani si kile wanachokijua. Swali letu ni hili: kimepotea nini, na kwa njia gani? Sehemu kubwa ya jibu imo katika jina lenyewe, na ndiyo maana jambo hili linawahusu walimu wa lugha kama linavyowahusu wapishi.

Jina kamili na jina lililokatwa

Katika Kiarabu neno hummus ni jina la dengu tu. Chakula tunachokizungumzia kina jina refu zaidi, hummus bi tahina, maana yake dengu kwa tahini. Tahini ni rojo la ufuta uliosagwa, na neno hilo linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusaga. Jina hili basi ni maelezo kamili ya chakula: hutaja mbegu mbili, na hutaja kitendo kinachofanywa juu ya mojawapo. Lilipoingia katika Kiingereza lilikatwa. Wamarekani huandika hummus, Waingereza wengi huandika houmous, na sehemu iliyoachwa njiani ni ile inayotaja ufuta. Msomaji aishike nukta hiyo, kwa maana tutairudia.

Kwa upande wetu tutaandika humusi. Mwanafunzi makini atauliza: je, humusi si sehemu moja ya tano? Naam, Kiswahili kina humusi ya hesabu, ndugu ya sudusi na thumuni, lakini hiyo ilitoka katika neno jingine la Kiarabu, lenye kuanza kwa sauti ya kh, wala haina nasaba na dengu. Hata hivyo tutaona kwamba maneno haya mawili, ingawa hayana udugu, yanaweza kufaana.

Neno dengu nalo lina mtego wake. Nchini Tanzania dengu ni mbegu ya rangi ya kahawia au ya manjano, yenye ncha kama mdomo wa ndege, na ndiyo tunayoikusudia hapa. Nchini Kenya ndengu ni mbegu ndogo za kijani ambazo Watanzania huziita choroko. Ufuta pia una majina mawili. Sisi wa Uganda tumezoea kusema simsim, neno lililotoka katika Kiarabu. Ufuta ni neno la Kibantu, na ni ndugu halisi wa mafuta. Mbegu imepewa jina kwa kile inachokitoa. Wahenga waliolitunga jina hilo walijua thamani ya mbegu ile iko wapi.

Chakula chenyewe

Dengu ni miongoni mwa mazao ya kwanza kabisa kulimwa na binadamu. Zilianza kupandwa kusini-mashariki ya Uturuki ya leo na kaskazini ya Siria, yapata miaka 10,000 iliyopita. Kuhusu chakula cha dengu zilizopondwa, ushahidi wa maandishi unapatikana katika vitabu vya mapishi vya Kiarabu vilivyoandikwa Shamu na Misri katika karne ya 13 na ya 14. Baadhi ya mapishi hayo yana siki, malimau ya kuchachua, mimea ya kunukia na viungo, bila ufuta. Mengine yana tahini na kokwa za aina mbalimbali. Humusi tuijuayo leo, yenye dengu, tahini, limau, kitunguu saumu na chumvi, ni mtoto wa ukoo huo, baada ya karne nyingi za kupunguza viungo na kubakiza vile visivyoweza kuachwa.

Mpishi wa nyumbani huloweka dengu kavu usiku kucha. Asubuhi huzichemsha kwa moto wa polepole mpaka zipondeke kwa vidole viwili. Wengi hutia magadi kidogo, kama wafanyavyo mama zetu wanapopika maharage makavu, ili maganda yalainike upesi. Kisha dengu hupondwa katika kinu, au siku hizi husagwa kwa mashine, pamoja na tahini, maji ya limau, kitunguu saumu na chumvi. Humusi hupakuliwa katika sahani pana, huchimbwa kishimo katikati kwa mgongo wa kijiko, na humiminiwa mafuta ya zeituni. Huliwa kwa mkate wa bapa ungali moto.

Siri ya chakula hiki iko katika tahini. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta. Tahini ikikutana na maji ya limau kwanza hukaza. Ikiendelea kutiwa maji kidogo kidogo huku ikikorogwa, hugeuka nyeupe na laini kama malai. Hiyo ndiyo inayofunga dengu, maji na mafuta viwe kitu kimoja. Mpishi atiaye kikombe kimoja cha tahini katika vikombe vinne vya dengu zilizochemshwa amefikia kiasi cha humusi moja ya chakula chote, na hapa nakusudia humusi ya hesabu. Wako wanaotia zaidi ya hapo.

Ni lazima tuseme mapema kwamba kununua humusi si jambo geni. Katika miji kama Beirut, Damascus na Jerusalem wapo tangu zamani wauzaji ambao kazi yao ni humusi na maharage tu. Hufungua asubuhi na mapema, na sufuria ikiisha hufunga, mara nyingi kabla ya alasiri. Mteja hula mbele ya mpishi. Akiona imekuwa nyepesi husema pale pale, na kesho yake huenda kwa jirani. Tena mteja huyo ana mama au dada anayeipika nyumbani, kwa hiyo ulimi wake una kipimo. Mgema wa namna hii hawezi kulitia maji tembo lake kwa siku nyingi.

Safari ya kwenda Ulaya

Humusi ilifika Uingereza kwa njia ya watu waliohama. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza waliendelea kupata chakula kwa mgawo hadi mwaka 1954, na mafuta ya zeituni yalikuwa yakiuzwa zaidi katika maduka ya dawa, kwa ajili ya masikio na ngozi. Walioleta ladha nyingine ni wageni: Wakupro waliofungua mikahawa na maduka madogo mjini London, na watu wa Misri na Shamu waliofukuzwa au kukimbia makwao.

Miongoni mwa hao ni Claudia Roden, aliyezaliwa Cairo mwaka 1936 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Siria. Baada ya mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 Wayahudi wengi waliondoka Misri, na kwa kuwa hawakuweza kubeba nyumba zao, walibeba mapishi. Roden aliyakusanya kutoka kwa jamaa na wahamaji wenziwe, akatoa mwaka 1968 kitabu chake cha vyakula vya Mashariki ya Kati, ambacho kiliwafundisha Waingereza wengi kupika humusi. Ndani yake jina limeandikwa kwa ukamilifu, pamoja na tahini yake. Msomaji wa kitabu hicho alilazimika kuitafuta tahini, kuloweka dengu na kukamua malimau. Humusi yake ya kwanza ilikuwa ya nyumbani.

Hali ilibadilika wakati supamaketi zilipojifunza kuuza chakula kilichopikwa na kuhifadhiwa kwa ubaridi bila kugandishwa. Mwaka 1979 kampuni ya Marks & Spencer ilianza kuuza kuku wa Kiev aliyekwisha tayarishwa, na mafanikio yake yakafungua mlango kwa vyakula vingine vya aina hiyo. Katika miaka ya 1980 humusi iliingia katika majokofu ya maduka makubwa. Ikasifiwa. Ikawa chakula cha kila siku cha watu ambao hawakupata kuiona ikipikwa.

Duka lisilo na mwuzaji

Ili tuelewe kilichofuata, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1916, mjini Memphis nchini Marekani, mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya meza, akasema anachotaka, na mwuzaji akampimia. Katika duka la Saunders mteja alichukua kikapu, akapita mwenyewe katikati ya rafu, akalipa mlangoni. Mwaka 1930 Michael Cullen alifungua mjini New York duka kubwa zaidi la namna hiyo, na supamaketi ikawa imezaliwa.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya biashara peke yake. Yalikuwa ya lugha pia. Katika duka la zamani ubora wa bidhaa ulijadiliwa kwa mazungumzo. Mteja aliuliza, alionja, alinusa, alibisha, aliapiwa. Katika supamaketi mazungumzo yalikoma, na mahali pake pakashikwa na maandishi. Lebo ndiyo inayosema, na lebo haijibu maswali. Mnunuzi wa karne hii anahitaji kujua kusoma ili ajue anakula nini. Asiyejua kusoma, au asiyejua kusoma kwa makini, hununua picha.

Sheria zilijaribu kuifanya lebo iseme kweli. Kanuni ya kimataifa ya Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, iliyotolewa mwaka 1985, inataka viambato viorodheshwe kwa kufuata uzito, kizito kikianza na chepesi kikimaliza. Kanuni hii ni fupi, na ni silaha kubwa kwa mtu anayejua kuitumia.

Maji ndani ya tembo

Sasa tumwangalie mwenye kiwanda. Huyu hapiki kwa ajili ya asubuhi ya leo. Humusi yake itasafiri kwa lori, itakaa ghalani, itakaa katika jokofu la duka, kisha katika jokofu la mnunuzi, na katika siku zote hizo haitakiwi kuchacha wala kubadilika sura. Kwa hiyo huweka asidi ya kiwandani mahali pa maji ya limau, ambayo hupoteza harufu upesi, na mara nyingi hutia kemikali za kuzuia ukungu. Hayo yanaeleweka: ni gharama ya safari.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tahini ni ghali kuliko dengu, na dengu ni ghali kuliko maji. Maduka makubwa hushindana kwa bei, na mwenye duka humwambia mwenye kiwanda apunguze senti chache. Mwenye kiwanda hawezi kupunguza dengu nyingi, kwa maana zitaonekana. Hupunguza tahini, ambayo haionekani kwa jicho. Ulaini uliokuwa ukiletwa na ufuta hutafutwa sasa kwa maji, kwa wanga, na kwa mafuta ya soya au ya mbegu nyingine za bei nafuu. Humusi isifiwayo kwa kupunguzwa mafuta mara nyingi ni humusi iliyopunguzwa tahini, na upungufu huo huuzwa kama fadhila. Kila hatua ni ndogo. Hakuna mnunuzi anayegundua tofauti kati ya mwezi huu na mwezi uliopita. Hugundua siku aalikwapo nyumbani kwa mtu anayepika.

Ushahidi kwamba jina lenyewe lilikuwa limeanza kulegea ulitoka kwa wenye viwanda. Mwaka 2014 kampuni ya Sabra, iliyokuwa mwuzaji mkubwa kabisa wa humusi nchini Marekani, iliiomba idara ya serikali inayosimamia chakula na dawa itoe fasili ya kisheria ya neno hilo. Ililalamika kwamba bidhaa za maharage meusi, za soya changa na za mbegu nyingine zilikuwa zikiuzwa kwa jina la humusi, hata bila dengu. Ikapendekeza kwamba dengu ziwe ndizo nyingi kuliko viambato vingine, na tahini isipungue asilimia 5. Turudi katika hesabu yetu. Asilimia 5 ni robo ya humusi. Kipimo cha chini alichokipendekeza mtetezi wa jina hakifiki robo ya tahini ambayo baadhi ya wapishi wa nyumbani hutia, na huyu ndiye aliyekuwa upande wa ulinzi.

Mwaka 2017, mwezi wa Aprili, Waingereza walipata somo jingine. Wateja walilalamika kwamba humusi ilikuwa na ladha ya chuma, na maduka kadhaa, miongoni mwao Marks & Spencer na Sainsbury's, yakaiondoa katika rafu. Yalieleza kwamba haikuwa na madhara kwa afya. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba maduka yenye majina yanayoshindana yalikumbwa na kasoro moja kwa wakati mmoja, kwa sababu yalikuwa yakinunua kwa mtengenezaji mmoja. Katika rafu kulikuwa na lebo nyingi. Nyuma ya lebo kulikuwa na sufuria moja. Mteja wa Damascus akichukizwa huenda kwa jirani. Mteja wa London alikwenda kwa jirani akapewa tembo lile lile.

Wakati huo huo mataifa yaligombania jina kwa namna nyingine. Mwaka 2008 wenye viwanda wa Lebanoni walitaka humusi itambuliwe na Umoja wa Ulaya kuwa mali ya nchi yao, kama jibini ya feta ilivyotambuliwa kuwa ya Ugiriki mwaka 2002. Mwezi wa Januari 2010 wapishi wa Abu Ghosh, kijiji cha Waarabu ndani ya Israeli, waliandaa sahani moja ya humusi yenye uzito wa zaidi ya tani 4. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Walebanoni wakajibu kwa sahani ya kilo 10,452, hesabu waliyoichagua kwa kuwa nchi yao ina eneo la kilomita za mraba 10,452. Ulimwengu ulicheka na kupiga picha. Swali la humusi ni ya nani lilisikika kila mahali. Swali la humusi ni nini lilisikika kidogo.

Lakini lilijibiwa mahali pamoja. Mwaka 2007 Codex ilipitisha kiwango kwa ajili ya nchi za Mashariki ya Karibu kuhusu humusi ya kopo, na katika kichwa cha kiwango hicho chakula kimetajwa kwa jina lake lote: humusi kwa tahini. Waandishi wa kanuni, watu wasiojulikana kwa ufasaha, walifanya kazi ya mwanalugha. Walikirudisha kipande kilichokatwa.

Je, ya kale yote ni dhahabu?

Yupo atakayesema kwamba haya ni malalamiko ya wazee, na kwamba kila kizazi hudhani chakula cha zamani kilikuwa bora. Hoja hii inastahili jibu. Mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum alichapisha mjini London kitabu juu ya udanganyifu katika vyakula. Alionyesha kwamba waokaji walitia shabu katika mkate ili uwe mweupe, na kwamba peremende na achari zilitiwa rangi zenye sumu. Mwaka 1858 katika mji wa Bradford watu wapatao 20 walikufa kwa kula peremende zilizotiwa aseniki kwa makosa, wakati mtengenezaji alipokusudia kutia unga wa bei nafuu mahali pa sukari. Aliyeishi katika miji ile asingekubali kwamba zamani chakula kilikuwa safi. Tena hatuwezi kuyasahau mema ya supamaketi: ubaridi, usafi, bei ambayo mfanyakazi anaimudu, na kumpunguzia mama kazi ya kinu.

Tofauti iliyopo ni ya namna. Mwuzaji wa mwaka 1820 aliyetia shabu alikuwa mdanganyifu, na sheria zilipotungwa, hasa ile ya mwaka 1875, alishtakiwa. Apunguzaye tahini leo havunji sheria yoyote: ameandika kila kitu katika lebo kwa herufi ndogo. Mkate wa Uingereza ulipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1961 watafiti wa Chorleywood walibuni njia ya kukanda unga kwa mashine ya kasi kubwa, kwa chachu nyingi zaidi na mafuta magumu, ili mkate usihitaji saa nyingi za kuumuka. Mkate mwingi wa nchi hiyo hutengenezwa hivyo hadi leo. Ni mweupe, ni laini, ni rahisi, na ni halali. Kilichoondolewa ni muda, na muda ulikuwa ndio kiungo cha ladha.

Historia hiyo hiyo inatuonyesha dawa. Mwaka 1844 mafundi wa Rochdale, wengi wao wafumaji, walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka lao la ushirika na kuuza unga, siagi, sukari na shayiri visivyochanganywa na kitu. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliokula vyakula hivyo wenyewe na waliojua vinavyopaswa kuwa. Ushirika tulioufahamu Afrika Mashariki, wa pamba na wa kahawa, una nasaba na duka lile dogo. Somo lake ni kwamba ubora hulindwa na mnunuzi mwenye kipimo. Sheria humsaidia, lakini haiwezi kukaa mahali pake.

Yanayotuhusu sisi

Yawezekana msomaji wa Gulu, wa Bujumbura au wa Bukavu anajiuliza: humusi ina nini na mimi? Ina mengi. Ufuta unaosagwa kuwa tahini katika viwanda vya ng'ambo hutoka kwa wingi Afrika: Sudani, Ethiopia, Tanzania, Naijeria, na kaskazini ya Uganda pia. Dengu hulimwa katika mikoa ya Tanzania iliyo karibu na Ziwa Nyanza, na nyingi huuzwa India. Wakulima wetu huuza mbegu, na wengi wao hawajapata kuuona mwisho wa safari yake.

Lakini ufundi wenyewe tunao. Waacholi na Walango hukaanga simsim, pengine pamoja na karanga, wakaisaga juu ya jiwe mpaka itoe mafuta yake na kuwa odii, rojo zito la kutiwa katika mboga au kupakwa juu ya kiazi. Mwanamke asagaye odii na mwanamke wa Nablus asagaye tahini wangeelewana bila mkalimani. Vivyo hivyo karanga zilizosagwa, ambazo Waganda huzipika kuwa mchuzi wa kulia matoke. Vyakula hivi navyo vimekwisha anza kuuzwa katika chupa zenye vifuniko na lebo. Sitaji kampuni yoyote. Nasema tu kwamba chupa imeingia njia ile ile iliyopitwa na kikopo cha humusi, na kwamba watoto wetu wa mijini wanaanza kuijua odii kutoka katika chupa kabla ya kuijua kutoka katika jiwe. Siku mafuta ya mawese au sukari vitakapochukua mahali pa simsim, ni nani atakayetambua? Atatambua yule tu ambaye ulimi wake ulifundishwa nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu. La kwanza, tukifundisha ufahamu, tusiishie katika hadithi. Tulete darasani lebo za vyakula, na tuwafundishe wanafunzi kanuni ya uzito. Mwanafunzi akiona kwamba maji yametangulia ufuta katika orodha, amekwisha kusoma habari ambayo picha ya mbele imeificha. La pili, tukusanye msamiati wa jikoni kabla haujapotea: majina ya mawe ya kusagia, ya hatua za kukaanga, ya hali za rojo linapokaza na linapolegea. Lugha ambayo ina neno moja tu la kueleza uzito wa rojo haiwezi kumsaidia mtu kulalamika. Kila mwanafunzi anaye bibi au shangazi wa kumwuliza, na kazi hiyo haihitaji fedha.

La tatu ni juu ya majina. Tunapopokea chakula kigeni, tukipokee na jina lake lote, au tukipe jina la kwetu lenye kusema ukweli. Dengu kwa ufuta ni jina zuri la Kiswahili. Mwuzaji atakayelitumia atakuwa ameahidi ufuta mbele ya watu, na mnunuzi atakuwa na haki ya kuudai. Vyakula vyetu wenyewe pia tuvitaje kwa ukamilifu, odii ya simsim, odii ya simsim na karanga, ili kisije kiambato kimoja kikaondoka bila mtu kuulizwa.

Nao watakaopenda kujaribu, vifaa vinapatikana sokoni: dengu kavu vikombe viwili, ambazo zikichemka hukaribia vikombe vitano, simsim iliyokaangwa kidogo na kusagwa hadi itoe mafuta, kikombe kimoja na kidogo, malimau mawili, punje mbili za kitunguu saumu, na chumvi. Zeituni zikikosekana, mafuta ya simsim yenyewe yanatosha. Mwalimu akiipika mara moja pamoja na darasa lake, kisha akawaonjesha na ile ya kikopo, hatahitaji kuifafanua tena methali ya mgema.